Hospitali, mtaalamu binafsi, tabibu wa virutubisho au ujisimamie mwenyewe: kwa suala la lishe hapa Mwanza uende kwa nani?

Hili swali naulizwa sana tangu bi mkubwa wangu, yani mama, aanze kliniki ya sukari. Majirani wa Nyakato wananiuliza, kina dada kazini wananiuliza, mpaka kondakta mmoja wa daladala alinisikia naongea na simu akaniambia na yeye sukari yake inapanda na hajui pa kuanzia. Wengi wanakuwa wameshajua kwamba chakula ndo kinawaangusha, ila wakitaka mtu wa kuwasaidia wanakuta njia nne na kila njia ina watu wake wanaoisifia. Kuna mtaalamu wa lishe wa hospitali, kuna wa binafsi ambao siku hizi wengi wanafanyia kazi WhatsApp, kuna tabibu wa tiba lishe anayekupa na virutubisho, na kuna kujisimamia mwenyewe na daftari lako. Hizi njia nimezipitia zote, hospitali na daftari kwa ajili ya mama, binafsi kwa ajili yangu, na ya tabibu niliiona kupitia shangazi yangu wa Sengerema, kwahiyo nitazipanga sambamba ujionee.

Nimetumia vitu vitano kuzipima. Huyo mtu kasomea nini. Siku ya kwanza anaanzia wapi. Hela yote inafika ngapi, sio ile ya kumuona tu. Chakula anachokuambia kinapatikana soko lako na sufuria lako linakiweza au vipi. Na baada ya wiki tatu nani anakuuliza unaendeleaje, maana mimi na mama wote tuliyumba wiki ya tatu.

Kasomea nini

Wa hospitali huna haja ya kuhangaika sana, ameajiriwa kwa vyeti. Lishe ni fani inayosomewa darasani miaka kadhaa, SUA kule Morogoro wana shahada kabisa ya lishe ya binadamu. Faida kubwa kuliko cheti ni kwamba anakaa jengo moja na daktari na anaona faili lako, anajua unatumia dawa gani. Hapa kwetu kuna Bugando ambayo ni ya rufaa ya kanda, kuna Sekou Toure ya mkoa, na halmashauri nazo zina maafisa lishe ambao watu wengi hata hawajui kama wapo. Afisa lishe wa halmashauri kazi yake kubwa ni watoto, wajawazito na programu za jamii, sio lazima akae kuona mgonjwa mmoja mmoja, ila ukimuuliza atakuelekeza uende dirisha gani.

Wa binafsi hapo ndo uulize bila aibu. Anaweza kuwa mtu aliyesoma vizuri kabisa na anafanya hii kazi jioni baada ya ajira, na anaweza kuwa mtu aliyepungua kilo zake ishirini akaona awafundishe wengine, au kasoma kozi ya wiki chache kwenye simu. Wote wanajiita wataalamu wa lishe. Na usidhani ni tatizo la Bongo tu, Uingereza kule jina la dietishani (mtaalamu wa lishe ya wagonjwa) linalindwa kisheria, hulitumii mpaka usajiliwe, lakini tabibu lishe mtu yeyote anaweza kujiita, usajili wake ni wa hiari. Kwahiyo hata anayekwambia kasomea nje, muulize kasomea nini hasa.

Tabibu wa tiba lishe, kama ni wa kweli, anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya 2002. Omba kuona cheti, mwenye nacho anakuwa amekitundika ukutani. Ila uelewe kwamba cheti hicho kinamtambua kama tabibu, hakimaanishi kasomea lishe ya mgonjwa wa kisukari au wa figo. Alafu kuna kundi lingine linachanganywa humohumo, mawakala wa virutubisho wanaouza kwa mtindo wa kuingiza watu chini yao. Wengi wao ni watu wema tu wanaotafuta riziki, lakini semina waliyohudhuria ilikuwa ya bidhaa, haikuwa ya mwili wa binadamu.

Ukijisimamia mwenyewe, mwalimu wako ni maandishi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu 1973 na ina vitabu na vipeperushi vya Kiswahili vinavyosomeka vizuri. Shida ni kwamba kipeperushi hakijui kama wewe una figo mbovu.

Siku ya kwanza anaanzia wapi

Hapa ndo pa kupaangalia kuliko pote, kwasababu anayeanza vibaya hata mwisho unaharibika.

Mama alipelekwa kwa mtaalamu wa lishe baada ya kupimwa. Uzito, urefu, presha, sukari kabla hajala kitu. Sukari ya asubuhi tumbo tupu ikifika 7.0 na kuendelea, ikarudiwa ikawa vilevile, hicho ni kisukari, na presha ikiwa inagonga 140 kwa 90 kwenda juu kila ukipima, nayo ni presha. Baada ya hapo dada wa lishe akamuuliza, "Mama, ugali unakula saizi gani?" Mama akajibu, "Wa kawaida tu mwanangu." Yule dada akasema, "Nionyeshe kwa ngumi." Mama akaweka ngumi mbili, akaangalia, akaongeza ya tatu. Nilikaa pale nikaelewa kwanini mwaka mzima tulikuwa tunaambizana "punguza ugali" na hakuna kilichopungua. Neno "kawaida" kila nyumba lina ukubwa wake. Alitoka na ngumi moja, mboga za majani nusu sahani, na samaki au maharage robo iliyobaki.

Kasoro ya hospitali niseme pia. Tulikaa foleni kuanzia saa moja asubuhi, tukamuona mtaalamu saa sita kasoro, na muda wenyewe haukuzidi robo saa maana nje kulikuwa na benchi zima linasubiri. Ukienda hujajiandaa hiyo robo saa inaisha unajielezea. Siku ya pili mama alienda na karatasi ya alichokula siku tatu, na ikatosha.

Wa binafsi niliyemuona mimi kwa ajili ya uzito alinitumia fomu, alafu tukaongea kwenye simu karibu saa nzima. Nalala saa ngapi, nakula nini nikiwa stendi Nyegezi nasubiri abiria wangu, nani anapika, jumapili kwetu inakuwaje. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Lakini na yeye alikataa kunipa mpango wowote mpaka nimpe majibu ya sukari na presha, akaniambia niende kituo cha afya kwanza. Huyo alikuwa mzuri. Rafiki yangu alilipia mwingine ambae hakuuliza kipimo hata kimoja, ndani ya dakika kumi akatumiwa faili la chakula cha siku 30, na baadae tukagundua watu watatu tunaofahamiana wana faili hilohilo, mmoja wao mjamzito.

Sasa shangazi. Anakaa kijiji cha mwambao upande wa Sengerema, maji ya kufulia ya ziwani, maji ya kuoga ya ziwani. Alikuwa anachoka, kizunguzungu, akipanda kilima kidogo moyo unaenda mbio. Akapelekwa kwa tabibu wa virutubisho hapa mjini, akashikishwa kichuma cha mashine mkononi, ndani ya dakika moja ikatoka ripoti ya ini, figo, kongosho na "upungufu wa virutubisho", akaondoka na makopo ya laki moja na themanini. Miezi miwili hakuna nafuu. Nilipomleta kupimwa damu, mkojo na choo, kumbe kichocho, na damu iko chini. Akapewa dawa ya kichocho na vidonge vya madini chuma, akapanda taratibu. Watu wa kanda ya ziwa tuelewane hapa: kuchoka kwetu kunaweza kuwa kichocho, minyoo, malaria, selimundu kwa mtoto, kabla hata haijafika kwenye lishe. Sukari inapimwa kwa damu, figo zinapimwa kwa damu na mkojo. Kichuma cha kushika hakipimi figo.

Kwa haki nimtetee tabibu kwa upande mmoja. Shangazi alisikilizwa. Alikaa pale muda mrefu, akaitwa "mama yetu", akaulizwa hadi habari za marehemu mume wake. Wapo matabibu wa hivyo ambao wakiona hali sio ya kwao wanakwambia nenda hospitali kapime kwanza, nimeshakutana nae mmoja Igoma, na huyo ningemuamini.

Ukijisimamia, siku ya kwanza ni wewe kwenda kupima. Usiruke hii. Sukari na presha zinapimwa hata kituo cha afya cha kata.

Hela yote

Hospitali unalipia kumuona daktari, vipimo, na mara nyingine mtaalamu wa lishe anakuwa humohumo kwenye kliniki. Kama una bima uliza dirishani kabla ya kukaa foleni kama inalipia ushauri wa lishe, usisubiri ufike mlangoni. Gharama inayosahaulika ni siku ya kazi, na nauli. Kwa mtu wa Ukerewe ni meli na pengine kulala. Wa Sengerema angalau siku hizi anapita darajani Kigongo–Busisi hasubiri tena pantoni.

Binafsi wengi wanauza vifurushi vya mwezi au miezi mitatu. Lipa mwezi mmoja kwanza, mimi nililipa mitatu kwa mpigo kwa kushawishika na punguzo na mwezi wa pili ningetamani kubadilisha. Tabibu wa virutubisho kumuona mara nyingi ni bure au hela ndogo, hela yenyewe iko kwenye makopo, na makopo yanaisha kila mwezi. Piga hesabu ya miezi sita ndo ulinganishe. Na jiulize kitu kimoja ambacho mimi nakipa uzito sana: huyu anayenishauri, nisiponunua chochote kwake, ushauri unabaki? Hilo swali linamhusu hata wa binafsi anayeuza unga wake wa lishe pembeni.

Mwenyewe ndo rahisi kabisa, mizani, vipimo kila baada ya muda, basi.

Chakula chenyewe

Hapa sisi wa Mwanza tumebarikiwa, na mtaalamu asiyejua hilo atakupotezea hela. Ukiwa na Mwaloni pale Kirumba una dagaa, una sato, una sangara, una furu. Dagaa mtu anamla mzima na mifupa yake kwahiyo unapata na madini ya kujenga mifupa, na fungu lake hata mwenye kipato kidogo analimudu. Mchicha, matembele, mgagani, kisamvu, mlenda, na kule kwa Wasukuma kuna nsansa ya kukausha inayokaa mpaka kiangazi. Choroko, kunde, karanga. Alafu mtu anakaa Igombe anaamka na sato mlangoni anatumiwa mpango wenye brokoli, shayiri ya pakiti na samaki wa salmoni. Huyo mtu atafuata siku nne.

Kwenye hili wa hospitali walimshinda wa kwangu. Dada wa lishe alikuwa anajua kayabo, sangara wa kukausha. Mama anaipenda sana, na ana presha, na yule dada ndo wa kwanza kumwambia kwamba yule sangara kabla ya kukaushwa amelazwa kwenye chumvi, kwahiyo hata kama huweki chumvi mezani umeshakula ya siku nzima. Shirika la Afya Duniani wanasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai hivi, na humo ndani inahesabiwa chumvi ya mchuzi, ya kachumbari, ya mkate, yote. Hakumkataza samaki, alimwambia achukue mbichi au mapanki (mifupa ya sangara iliyobaki na nyama kidogo) achemshe na ndimu na nyanya. Mama akatii kwasababu samaki amebaki.

Kuna uongo mmoja unatembea sana mtaani na nimeusikia kwa tabibu na kwa wa mtandaoni vilevile, kwamba mgonjwa wa sukari ahame ugali wa mahindi ale wa muhogo au wa ulezi kwasababu "hauna sukari". Muhogo ni wanga. Ulezi ni wanga. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokauka, wanga pia. Vyote vinaishia kuwa sukari kwenye damu. Dona ina makapi yake kwahiyo ni nzuri kuliko sembe, sawa, lakini ngumi tatu za dona ni ngumi tatu. Mtaalamu atakayekwambia ule chochote kiasi chochote mradi ni cha asili, muache.

Wa binafsi mzuri ana nafasi ya kukupangia kwa ratiba yako, hicho hospitali hawana muda nacho. Mimi natoka asubuhi na mapema, chai ya stendi na chapati mbili, mchana wali, soda. Tulihesabu pamoja sukari yangu: chai tatu za vijiko vitatu vitatu, na soda moja ya mililita 350 ambayo peke yake ina gramu 35 kwenda juu. Shirika la Afya wanasema ikiwezekana sukari ya kuongeza iwe chini ya gramu kama 25 kwa siku, yani vijiko sita vya chai. Nilikuwa navimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Hakuniambia niache chai, tulishuka kijiko kimoja kila wiki.

Tabibu wa virutubisho, chakula mara nyingi hakizungumzwi sana, kopo ndo linazungumzwa. Na kuna zile chai za kupunguza tumbo, nyingi ndani zina sanamaki, unaharisha, mizani inashuka, ila kilichoshuka ni maji. Ukinywa maji kinarudi.

Baada ya wiki tatu

Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani, matokeo yalitoka 2002, wa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformini, dawa ya sukari, ilipungua kwa asilimia 31. Watu wanapenda kuitaja hiyo 58. Mimi nachokiangalia ni kwamba hawakupewa karatasi wakaachwa, walikuwa na mtu wao, na miezi sita ya mwanzo walipitishwa masomo 16. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kilo sita na kitu, sio nyingi, ila alishikwa mkono mpaka akafika.

Ukiangalia kwa jicho hilo, wa binafsi ndo anaongoza, anakupigia, unamtumia picha ya sahani, anakujibu. Wangu alinipigia jumatatu wiki tisa mfululizo. Hospitali utaonana nae kwa tarehe, mwezi mmoja au miwili, katikati uko peke yako, isipokuwa kama kliniki ina kikundi cha wagonjwa na hivyo vikundi uliza maana vinasaidia sana. Wakala wa virutubisho naye anapiga sana simu kwakweli, ila sikiliza anapiga kuuliza nini. Na kujisimamia hapa ndo kunadondoka, mpaka upate mtu wa kutembea nae. Mama na jirani yake wanatembea jioni kuelekea Buzuruga na kurudi, na kila mmoja anamdai mwenzake.

Panapoumiza

Kuna watu ambao kubadilisha chakula bila anayejua dawa zao kunaweza kuwaangusha kabisa. Anayechoma insulini au anameza baadhi ya vidonge vya sukari, akikata ugali ghafla huku dozi ni ileile, sukari inashuka mpaka anazimia. Mwenye figo zilizochoka, zile ndizi, parachichi na viazi tunavyoambizana ni vya afya vinaweza kumpandishia madini ya potasiamu kwenye damu mpaka moyo unapiga vibaya, na zile chumvi mbadala za dukani nyingine ndo zimejaa potasiamu hiyohiyo. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu isigande, akianza ghafla kula majani mengi kuliko alivyozoea, dawa inapungua nguvu. Mjamzito vitamini A nyingi ya vidonge inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wa hospitali anayaona haya kwenye faili. Wa binafsi atayajua ukimwambia. Tabibu umtajie dawa zako zote na ukiona anakwambia uziache, inuka uondoke.

Kwa hali yako

Kama una ugonjwa tayari, kisukari, presha, figo, moyo, anza na hospitali hata kama foleni inakuchosha. Kliniki ya sukari huwa ina siku yake, uliza ni lini, nenda na dawa zako zote kwenye mfuko na karatasi ya ulichokula siku tatu, useme ukweli wa ngumi zako. Ukishapata muongozo na bado unaona unateleza, hapo wa binafsi anaongeza nguvu, afuate ya hospitali asilete yake.

Kama ni mtoto amekonda au amevimba miguu, usitafute wa mtandaoni wala kopo. Kliniki ya mama na mtoto, leo. Wanampima mzunguko wa mkono, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali na una matibabu yake. Mjamzito pia aanzie hapohapo.

Kama huna ugonjwa, umepima uko salama, shida ni uzito na mazoea, kazi zako hazikupi nafasi ya kukaa foleni, na una hela kidogo, wa binafsi atakufaa. Kabla hujalipa mpigie umuulize: umesomea wapi, utataka vipimo gani, utaniuliza kuhusu dagaa na ugali au una faili tayari, utanipigia mara ngapi. Dakika tano zinatosha kumjua.

Kama uko salama na hela hakuna, jisimamie. Pima, chukua kipeperushi, nusu sahani majani, ngumi moja ya wanga, soda iwe ya sherehe, tafuta wa kutembea nae, rudi kupima baada ya miezi mitatu. Ikipanda nenda hospitali.

Kama moyo wako uko kwa tabibu, na wapo watu ambao wanatulia wakiwa kwa tabibu siwalaumu, basi pima kwanza hospitali uende na majibu mkononi, angalia cheti ukutani, mtajie dawa zako, na hesabu makopo ya miezi sita kabla hujatoa ya mwezi wa kwanza.

Kama unatoka visiwani, Ukerewe au Ukara, na safari ni moja kwa miezi, omba rufaa kwenye kituo chako kabla ya kupanda meli, pima na kichocho humohumo, na omba namba ya kliniki ili maswali madogo uyamalize kwa simu.

Na kama mgonjwa sio anayepika, nendeni wote. Kwetu anayepika ni binti wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa. Mara mbili za mwanzo tulimuacha nyumbani, mama anarudi na maelekezo, jikoni yanakuwa mengine. Mara ya tatu tulimbeba, akakaa kwenye kiti mbele ya yule dada wa lishe, akaulizwa yeye chumvi anaweka kijiko gani. Alirudi Nyakato akakibadilisha kile kijiko bila kuambiwa na mtu.